Maji Kwenye Nyonga: Lipia Kipi, Acha Kipi

Umetoka kupiga ultrasound na karatasi inasema kuna maji kwenye nyonga, nyuma ya mji wa mimba. Kabla hujafika getini, mtu ameshakuambia kuna dozi ya kuyakausha. Usitoe pesa bado. Maji hayo ni dalili tu, na tiba hutegemea yametoka wapi. Hata mwanamke mzima wa afya huweza kuonekana na maji kidogo siku yai linapopevuka, na huyo hana cha kununua.

Cha kwanza kulipia ni kipimo cha mimba cha mkojo. Kwenye maduka mengi ya dawa Tanzania bei yake haizidi shilingi elfu moja au mbili, na hakuna pesa utakayoitumia vizuri kuliko hiyo. Kikionyesha mimba huku tumbo linauma upande mmoja, unasikia kizunguzungu au bega linauma bila sababu, huenda maji hayo ni damu inayovuja kutoka kwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hapo usilinganishe bei. Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji, usiku huohuo. Ukianzia zahanati ya jirani utalipa kadi na dripu, kisha utapewa rufaa, na muda umekwenda. Kama pesa hamna, hospitali za serikali zina afisa ustawi wa jamii. Ndugu mmoja akamwone kuhusu msamaha wa gharama wewe ukiwa unahudumiwa.

Kipimo kikionyesha hakuna mimba lakini maumivu ni makali au unataka kuzimia, nenda vilevile. Uvimbe wa maji kwenye ovari ukipasuka nao huweza kumwaga damu.

Kama hali ni tulivu, tuongelee ultrasound yenyewe. Ya juu ya tumbo hupatikana karibu kila mji na ndiyo rahisi, ila inataka kibofu kilichojaa. Ukifika umetoka kukojoa utakaa benchi ukinywa maji. Ya kuingizwa ukeni huona ovari na mirija vizuri zaidi, na mara nyingi bei huwa juu kidogo. Kama ile ya kwanza imeandikwa kwa kusitasita, ongeza pesa upige hii mara moja, kuliko kurudia ya tumbo kila wiki. Picha za rangi za kumtazama mtoto tumboni hazihusiki hapa. Uliza mapema kama bei ni pamoja na kumwona daktari wa kusoma majibu, maana vituo vingi hutoza hilo peke yake, juu ya hela ya kadi.

Sababu inayowapata sana wanawake wa umri wa kuzaa ni maambukizi kwenye kizazi na mirija, yanayoitwa PID. Dalili zake ni maumivu chini ya kitovu, uchafu wenye harufu, homa na maumivu wakati wa tendo. Tiba ya kawaida ni sindano ya seftriaksoni pamoja na vidonge vya doksisaiklini na metronidazoli kwa siku 14. Dawa hizi zimezoeleka, ni za bei nafuu, na zipo hadi wilayani. Doksisaiklini kwa kawaida hapewi mjamzito. Ndiyo maana kile kipimo cha mkojo kimetangulia.

Gharama iliyojificha ni mwenzi wako. Asipotibiwa naye, unaweza kuugua tena na kununua dozi nyingine. Weka bajeti ya watu wawili tangu mwanzo. Gharama nyingine ni kuacha vidonge siku ya tano kwa kuwa maumivu yamepoa. Ugonjwa ukirudi na jipu, utalazwa. Na kama siku tatu zimepita bila nafuu, rudi kwa daktari, usingoje zote 14 ziishe.

Sasa zile dozi za kusafisha kizazi. Zinauzwa makumi ya maelfu, mara nyingine laki na zaidi, na muuzaji husema lazima urudie mwezi wa pili. Mara nyingi huanza kwa kukushikisha kifimbo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, kisha anakusomea magonjwa kumi. Kifaa hicho hakioni maji yaliyo ndani ya nyonga. Dozi za kuweka ukeni huweza kuunguza na kuvuruga ulinzi wa asili wa uke. Pesa hiyo huweza kutosha tiba kamili yako na ya mwenzi wako. Usinunue hata kwa punguzo.

Vilevile usikimbilie kipimo cha damu cha alama za saratani kama bado unaona hedhi na daktari hajakiagiza. Alama hizo hupanda hata kwa maambukizi na kwa hedhi yenyewe, kisha kipimo kinakusukumia vipimo vingine vya bei kubwa. Ila kama hedhi imeshakoma, au tumbo zima linajaa na unakonda, hapo usibane matumizi. Daktari anaweza kuagiza maji yavutwe kwa sindano na kupimwa, kwani ini, kifua kikuu na saratani vyote huweza kuyaleta. Kuvuta pekee hupunguza uzito wa tumbo kwa muda. Kama chanzo hakijaguswa, yanarudi na unalipa upya.

Omba picha na karatasi ya majibu, uondoke navyo. Ukipewa rufaa bila hivyo, huenda ukatakiwa kulipia kipimo kilekile tena.