Kompyuta Pepe Ikigoma, Soma Leseni Kwanza

Kompyuta pepe ni kompyuta isiyo na kasha lake. Mfanyakazi anaiona Windows mbele yake, anafungua barua pepe na hesabu zake kama kawaida, lakini kazi yote inafanyika kwenye seva iliyo chumba kingine au hata mji mwingine; mezani pake kuna kioo, kibodi na waya wa mtandao tu. Seva moja hubeba kompyuta za namna hiyo kwa makumi, na programu inayozigawia prosesa, kumbukumbu na diski, huku ikizizuia zisiingiliane, huitwa haipavaiza. Wazo lenyewe ni la zamani: IBM ilikuwa ikizigawa mashine zake kubwa hivi tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikawatolea wateja wake VM/370. Enzi hizo kilichombana fundi ni udogo wa mashine. Leo mashine ina nafasi tele, na kinachombana mara nyingi ni mkataba. Kwa hiyo nashikilia kwamba fundi aliyeitwa kuitazama kompyuta pepe iliyogoma aanze na leseni, ndipo aende kwenye nyaya.

Tuitazame Windows Server. Ofisi ikiweka huduma ya Remote Desktop ili watu wengi watumie seva moja, Microsoft huipa siku 120 kabla ya kudai leseni za watumiaji. Siku zote hizo mambo huwa shwari. Muda ukiisha, watu wanarudishwa mlangoni kwa ujumbe kwamba hakuna seva ya leseni iliyopatikana, na lawama ya kwanza huuangukia mtandao, ya pili sasisho la juzi, ya tatu yule aliyeonekana karibu na swichi. Msimamizi naye akijaribu kwa njia ya usimamizi anaingia bila tabu, kwa kuwa Windows Server huruhusu miunganisho miwili ya usimamizi bila leseni hizo. Basi atajibu, kwa nia njema kabisa, kwamba kwake inafanya kazi. VMware vSphere, programu ya kuendesha mashine pepe, ina fumbo gumu zaidi. Majaribio yake ni siku 60, na yakiisha, mashine pepe zilizokuwa zikifanya kazi huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ila iliyozimwa haiwashwi tena. Tatizo linakaa kimya mpaka siku umeme unapokatika au seva inapozimwa kwa matengenezo, na hapo kila mtu ataapa kwamba umeme ndio ulioharibu mtambo. Hata kadi ya michoro ya Nvidia inapogawanywa baina ya kompyuta pepe bila leseni huanza vizuri, kisha baada ya dakika 20 hivi picha zinaanza kusuasua. Hapo mchoraji wa ramani za majengo atadai kadi mpya, ilhali aliyo nayo ni nzima.

Mtu atasema kwamba natia chumvi, kwamba hitilafu nyingi hazina uhusiano wowote na leseni. Ni kweli zipo nyingi. Seva inaweza kuwa haijawashiwa uwezo wa kuendesha mashine pepe katika BIOS. Windows 11 inaweza kukataa kusakinishwa kwa sababu inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na mashine pepe haikupewa TPM pepe. Asubuhi wafanyakazi wote wanaweza kuwasha kwa mkupuo, diski zikaelemewa. Lakini kila aina ya kasoro ina tabia yake. Ya usanidi hujitokeza siku ya kwanza, na ya mtambo huja na mzigo: watu wakipungua saa za mchana, nayo inapungua. Ya leseni hufuata kalenda na hesabu. Inakuja siku fulani ikimkuta kila mtu, au inamkuta yule wa mwisho kuingia na kuwaacha wenzake. Kuikagua ni kazi ya dakika chache, wakati kufumua mtandao mzima kunaweza kula wiki. Sababu hiyo peke yake inatosha kuiweka leseni mbele.

Tena leseni haiishii kusababisha hitilafu. Ndiyo inayoamua seva inunuliwe ya namna gani. Mwaka 2011 VMware ilitangaza kuhesabu kumbukumbu ambazo mashine pepe zimetengewa, wateja wakaja juu, na mwaka uliofuata mpango huo ukafutwa. Mwaka 2020 ikaweka kwamba leseni ya prosesa moja haivuki viini 32. Kampuni ya Broadcom ilipoinunua VMware, Novemba 2023, haikuchukua hata miezi miwili leseni za kudumu zikaacha kuuzwa. Sasa mteja analipia usajili kwa kiini, na kila prosesa inahesabiwa kuwa na viini visivyopungua 16. Maana yake ni kwamba seva kuukuu yenye prosesa mbili za viini vinane, jumla 16, inalipiwa 32. Windows Server nayo hudai angalau viini 16 kwa kila seva, na toleo la Standard likishalipiwa viini vyote huruhusu mashine pepe mbili za Windows Server. Ukitaka mbili nyingine, unalipia viini vyote upya. Mnunuzi aliyezoea kuuliza ukubwa wa kumbukumbu na kasi ya diski anatoka dukani na seva nzuri itakayomfilisi kila mwaka.

Wenye kampuni wana haki ya kulipwa, na hakuna ubishi hapo. Programu hizi zimegharimu miaka ya kazi. Shida ni kipimo kinachobadilika baada ya mteja kujenga kila kitu juu yake. Mwaka 2024 AT&T, ambayo si mnyonge, iliifikisha Broadcom mahakamani New York ikidai haki ya kuendelea kupata msaada wa kiufundi kwa leseni za kudumu ilizonunua zamani, na baadaye wakapatana. Ofisi ya kawaida haina mawakili wa namna hiyo. Itakachoweza ni kuandika tangu mwanzo, pamoja na mchoro wa mtandao, kila leseni inahesabu nini na inaisha lini.

Kuna wanaosema dawa ni kuhamia programu huria, na hoja yao ina uzito. KVM, haipavaiza huria, imo ndani ya Linux tangu 2007, na Proxmox, inayotengenezwa Vienna, inaendesha mashine pepe bila kuhesabu viini vinavyotumika. Usajili wao ni wa msaada na masasisho yaliyopimwa zaidi. Lakini hapo kinachoondoka ni deni la haipavaiza tu. Windows 11 inayokaa juu yake bado inadai haki ya kutumiwa kama kompyuta pepe, na leseni ya kawaida iliyokuja na kompyuta ya dukani haitoi haki hiyo kwenye seva. Wengine wanangojea vya bure kutoka kulekule: VMware iliiondoa haipavaiza yake ya ESXi ya bure Februari 2024, ikairudisha Aprili 2025, ikiwa na mipaka ya prosesa pepe nane kwa kila mashine na bila kuunganishwa na vCenter, programu ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja. Kwa maabara ya mwanafunzi inafaa sana. Kwa ofisi yenye seva nne au tano, fundi atalazimika kuisimamia kila moja peke yake, na programu nyingi za nakala rudufu hazitaweza kuzifikia mashine zake kwa njia zilizozoeleka.