Tupime Mbegu za Miti Kabla ya Kupanda



Tukitembelea vitalu, mara nyingine tunakuta kikundi kimebeba mchanga, kimejenga kivuli na kuchota maji mwezi mzima, na bado kitalu ni udongo mtupu. Kila mtu analaumu jua, au kuku wa jirani. Kumbe mbegu zilikuwa zimekufa tangu siku ziliponunuliwa, na pesa za kikundi zimekwenda.

Kabla ya kulipa, ombeni mbegu kumi mzikate katikati kwa wembe. Mbegu nzuri hujaza ganda lake na ndani huwa imara, nyeupe au rangi ya maziwa. Iliyo tupu, iliyonyauka, yenye ukungu au tundu la mdudu, hiyo si mbegu tena. Ya mwarobaini iwe ya kijani ndani. Hiyo haingoji: hufa baada ya wiki chache, basi ikateni na kuipanda mara moja.

Wengine hutia mbegu majini na kutupa zinazoelea. Lakini mbegu za mgrevilea ni nyepesi na zina mabawa. Mtatupa nzuri na mbaya pamoja.

Kwa mbegu zinazowekeka, pimeni kuota wiki sita hivi kabla ya kupanda. Chukueni kutoka juu, katikati na chini ya mfuko (msichague zile nono, mtajidanganya!) mpaka zifike 100. Zipandeni kwa mchanga safi wenye unyevu, ndani ya karai kuukuu lililotobolewa, kivulini. Kila siku katibu aandike zilizoota. Mgrevilea huchukua wiki 2 hadi 4. Lusina na migunga zina ganda gumu, kwa hivyo kwanza zimwagieni maji ya moto sana, yapoe, zilale humo usiku kucha.

Baada ya mwezi, zile zilizokataa kuota zikateni. Ikiwa imara na nyeupe, bado imelala; ikiwa laini na inanuka, imeoza.

Sasa hesabu. Zikiota 40 kwa 100 na mnataka miche 1,000, mtahitaji mbegu 2,500, na nyingine za panya na ukame. Zikiota 10 tu, mrudishieni muuzaji pamoja na daftari la katibu, mkatafute nyingine kabla mvua haijafika.