Tunapofufua Baiskeli ya Zamani

Baiskeli nyingi za milimani za miaka ya 1980, zenye magurudumu ya inchi 26, zina fremu imara na zinafaa mjini. Tukifufua moja, tuanze na breki. Raba zilizokaa miaka mingi huwa ngumu, hazishiki vizuri, hasa wakati wa mvua. Tuzibadilishe pamoja na nyaya zilizoshika kutu. Badala ya tairi zenye meno tufunge zilizo laini. Kwenye lami miguu haitachoka upesi. Kisha kiti: tukiwa tumeketi, kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kiti kikiwa chini mno, magoti huuma. Taa na kofia ngumu tusisahau. Rangi mpya ingoje, breki kwanza.