Je, mwanamke aliyekoma hedhi anahitaji testosteroni?

Mama anaweza kueleza joto la ghafla na kukosa usingizi, kisha akiwa anaondoka ndipo aseme: "Nesi, hamu ya tendo la ndoa imekwisha kabisa." Hilo si jambo la aibu, na lina msaada.

Androjeni ni homoni ambazo wengi huziita za kiume, lakini mwanamke naye huzitengeneza kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo. Inayojulikana zaidi ni testosteroni. Hedhi inapokoma, estrojeni hushuka sana. Testosteroni yenyewe hupungua polepole kwa miaka mingi, isipokuwa kwa aliyeondolewa ovari zote mbili. Kwake hushuka ghafla kwa takriban nusu.

Inasaidia nini?

Mwaka 2019 vyama vya kimataifa vya wataalamu vilikubaliana kuwa sababu moja tu ina ushahidi wa kutosha: kupungua kwa hamu ya tendo kunakomsumbua mwanamke aliyekoma hedhi. Haipendekezwi kwa ajili ya kuongeza nguvu, kumbukumbu au kuimarisha mifupa.

Kwanza tafuta chanzo

Je, uke ni mkavu na tendo linauma? Estrojeni ya kupaka ukeni inaweza kutosha. Je, una sonona, uchovu, au ugomvi nyumbani? Unatumia dawa za sonona? Mweleze daktari yote. Kipimo cha damu peke yake hakionyeshi kama unahitaji testosteroni. Hutumika kuhakikisha dozi haizidi.

Tahadhari

Hupakwa kwenye ngozi, kwa dozi ya takriban sehemu moja ya kumi ya ile ya mwanaume. Kwa hiyo usijipake jeli ya mumeo wala kuchomwa sindano ya mtaani. Vidonge navyo havishauriwi, kwani huharibu uwiano wa mafuta kwenye damu. Dozi ikizidi huleta chunusi, ndevu na sauti nzito, na sauti ikishabadilika huenda isirudi.

Ukiona dalili hizo, acha na urudi kliniki mara moja. Miezi 6 ikipita bila nafuu, dawa husitishwa. Kama umewahi kuwa na saratani ya matiti, sema kabla ya kuandikiwa homoni yoyote.

Usisubiri ufike mlangoni. Anza na hilo linalokusumbua.