Kuandika kwa Sauti Yako Mwenyewe

Barua nyingi mnazotuletea huanza namna moja: "Sisi wanakikundi, tukiwa na nia ya kuinua hali ya maisha..." Ukificha jina la kikundi huwezi kujua kama imetoka mlimani au ziwani. Tuseme ukweli, lawama ni yetu. Maneno hayo mliyapata kwetu, kwenye semina.

Kuna akina mama walituandikia juu ya tangi la maji. Mmoja alikuwa ameeleza jinsi anavyolala kisimani, mtungi ukishika foleni mbele yake, huku akiwaza kama mtoto aliyeachwa nyumbani ameamka. Tukaona hayo ni marefu. Tukayakata, tukaandika "tatizo sugu la ukosefu wa maji safi". Tulipowasomea, walinyamaza. Kisha mama mmoja akauliza, "Hiyo ni barua nzuri, lakini ni ya nani?" Hatukuwa na jibu.

Mwandishi hutambulika kwa yale anayoyaona yeye na jinsi anavyoyasema. Hilo haliji kwa semina ya siku 2, bali kwa kurudia maandishi yako mwenyewe na kuyatafakari. Nunua daftari la shule la kurasa 48, lile la bei ndogo. Jioni, dakika kumi tu, andika kwenye ukurasa wa kushoto jambo moja uliloliona siku hiyo. Usiandike "mkutano ulikuwa mzuri". Andika nani alichelewa, nani alisimama akaondoka pesa zilipotajwa, mvua ilinyesha wakati gani. Ukurasa wa kulia uache wazi.

Jumapili mchana rudi kwenye yale uliyoandika. Sisi Wakatoliki tunajua njia ya tazama, pima, tenda. Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji aliitumia kuwafunza vijana wafanyakazi, na Papa Yohane wa 23 akaitaja katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961. Inafaa hata kwa daftari. Kwenye ule ukurasa mtupu jiulize: hili nililiona mwenyewe au niliambiwa? Ni kitu gani nilikiogopa nikakiruka? Na neno gani hapa si langu? Lipige mstari.

Swali hilo la mwisho ndilo gumu zaidi. Ukipiga mstari chini ya "uhamasishaji", jiulize nyumbani ungesemaje. Pengine ungesema "tulipita mlango kwa mlango tukiwaomba watu waje". Basi andika hivyo. Na kama neno linakuja kwa lugha ya mama, liandike kwa lugha ya mama kwanza, Kiswahili kitafuata.

Hata waandishi wakubwa wamepitia njia hii. Marehemu Ngugi wa Thiong'o alikuwa ameandika vitabu kwa Kiingereza zaidi ya miaka kumi kabla ya kufanya kazi na watu wa Kamirithu, Limuru. Mwaka 1977 yeye na Ngugi wa Mirii waliwapelekea mchezo wa Ngaahika Ndeenda, na wanakijiji hawakukaa kupiga makofi tu. Waliurekebisha, pamoja na lugha yake, maana wao ndio waliojua kazi ya kibarua na jinsi mzee anavyozungumza. Serikali ikauzuia mchezo Novemba mwaka huo huo, na mwishoni mwa Desemba Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Huko Kamiti, akitumia karatasi ya choo, aliandika riwaya yake ya kwanza kwa Kikuyu. Wanakijiji walikuwa wamemfanya ajiulize anaandika kwa lugha ya nani.

Tahadhari moja. Daftari linaweza kuvunja nyumba. Siri ya jirani usiiandike pamoja na jina lake, na kama nyumbani hakuna mahali pa kuliweka, mwachie mwenzako unayemwamini. Asiyejua kuandika asikae nje. Amsimulie mwingine, kisha asomewe mpaka akubali kwamba ndivyo alivyosema.

Mkikutana, mmoja asome ukurasa mmoja kwa sauti. Wengine kwanza waseme walichokiona masikioni mwao, ndiyo wakosoe. Mambo ya herufi kubwa na nukta yangoje kabisa. Tumeona watu wakiacha kuandika kwa sababu ya nukta.

Wale akina mama wa tangi tuliwarudishia barua yao ya kwanza, ikapelekwa vile vile na foleni yake ya mitungi. Tangu hapo hatukati sentensi ya mtu bila kumwuliza kwanza. Ndiyo maana jarida hili wakati mwingine huwafikia likiwa limechelewa.