Miguu Yetu Wakati wa Kaskazi

Kwetu sisi wa pwani Alhamisi Kuu hufika mara nyingi wakati joto la kaskazi halijatuacha bado. Katika Misa ya Karamu ya Bwana padre hupiga magoti na kuwaosha miguu waamini waliochaguliwa, na tangu mwaka 2016 wanawake nao waweza kuwa miongoni mwao. Nikiri jambo moja: miguu hiyo kwa kawaida huwa imekwisha kuoshwa na kusuguliwa nyumbani, hata kucha zimekatwa, ili mtu asiaibike mbele ya parokia nzima. Ninayoiona mimi ni miguu ya sikukuu.

Miaka michache iliyopita, hata hivyo, nilipoukausha mguu wa mzee mmoja, taulo ilitoka na damu. Msumari mdogo ulikuwa umechomoza ndani ya soli ya kiatu chake na kumtoboa unyayo karibu na kidole gumba. Alikuwa amekivaa kiatu hicho kwa siku kadhaa. "Baba, mbona sisikii kitu?" aliniuliza. Mzee huyo ana kisukari. Nitarudi kwake, kwanza tuanze na yale yanayotupata sote.

Nyayo ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye tezi nyingi kabisa za jasho. Jasho lenyewe karibu halina harufu. Harufu huletwa na bakteria waishio juu ya ngozi, ambao hulivunjavunja pamoja na ngozi iliyokufa, na ndani ya kiatu kilichofunikwa hustawi sana. Kiatu kilicholowa jasho kutwa nzima aghalabu hakikauki kwa usiku mmoja. Mwenye jozi mbili azivae kwa zamu. Mwenye moja asiisukumie uvunguni, bali aiweke penye upepo. Walinzi, walimu na wauguzi, ambao husimama kutwa, wachukue soksi za kubadili mchana. Joto pia hutanua mishipa ya damu, na maji hutuama miguuni. Ndiyo maana kiatu kilichotosha asubuhi hubana jioni. Anayenunua viatu na aende alasiri. Lakini uvimbe wa mguu mmoja tu, wenye maumivu, usisingiziwe joto. Huo ni wa kumwona daktari upesi.

Ngozi inayokaa na unyevu huota fangasi. Mara nyingi huanza kati ya kidole cha mwisho na jirani yake: ngozi hugeuka nyeupe, hulainika, hupasuka na kuwasha. Nilikaa seminarini miaka mingi, nami naweza kushuhudia kwamba jozi moja ya ndala za bafuni iliweza kulihudumia bweni zima, na fangasi zake vilevile. Kila mtu awe na ndala zake na taulo yake, na akiisha kuoga akaushe kati ya vidole, mahali ambapo wengi wetu hatufiki. Krimu ya klotrimazoli hupatikana katika maduka ya dawa, na kosa la kawaida ni kuiacha siku muwasho unapokoma. Ipakwe kwa wiki mbili zaidi baada ya ngozi kuonekana imepona. Kosa kubwa kuliko hilo ni kupaka krimu yenye steroidi kwa sababu jirani aliisifu: hutuliza muwasho kwa siku chache huku fangasi wakienea chini kwa chini. Mwulizeni mfamasia kilichomo kabla ya kulipa.

Magaga ya visigino ni habari fupi. Loweka miguu katika maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, sugua taratibu kwa jiwe, kisha paka mafuta mazito ngozi ingali na unyevunyevu, ila si kati ya vidole. Wembe usitumike kamwe.

Sasa nirudi kwa mzee wetu. Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na mguu hupoteza maumivu, yaani mlinzi wake. Ukoma nao hufanya hivyo. Jasho hupungua, ngozi hukauka na kupasuka, na damu ikifika kwa shida, kidonda hakiponi. Kwa mtu wa namna hii mchanga wa saa saba mchana au sakafu ya saruji iliyopigwa na jua huunguza unyayo naye asijue. Asitembee peku, hata uani kwake. Kabla ya kuvaa kiatu aingize mkono ndani na kupapasa. Miguu asiiloweke, na maji ya kuogea ayapime kwa kiwiko, au mwingine ampimie. Kila jioni azitazame nyayo zake kwa kioo, au atazamwe. Akiona lengelenge, kidonda, wekundu au sehemu yenye joto kuliko nyingine, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, wala asingoje ajaribu kwanza majivu au maji ya chumvi.

Mzee yule alipelekwa hospitalini usiku uleule wa Alhamisi Kuu. Usaha ulikuwa umekwisha kuingia ndani; alikatwa kidole kimoja, mguu ukabaki. Siku hizi mjukuu wake wa darasa la nne humkagua nyayo kila jioni kwa tochi ya simu, na nimeambiwa hamwachi hata babu anapolalamika kwamba amechoka na anataka kulala.