Kusoma Japani: Kifaransa peke yake hakitoshi

Kijana wa Bukavu au Butembo aliyepata diploma ya Serikali na kuota kusoma Japani hugongana na lugha kabla ya kufika kwenye pesa. Ufadhili wa serikali ya Japani, MEXT, huombwa kupitia ubalozi wake wa Kinshasa, na kwa mtu wa mashariki Kinshasa ni safari ya ndege. Anayeomba shahada ya kwanza hufanya mitihani ya hisabati, Kiingereza na Kijapani; wa sayansi huongezewa kemia, pamoja na fizikia au biolojia. Kifaransa alichosomea miaka yote hakimo.

Anayefaulu hulipiwa ada na tiketi ya ndege, na kupewa yeni 117,000 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza Kijapani.

Asiye na ufadhili ana hesabu nyingine. Vyuo vikuu vya taifa kwa kawaida hutoza yeni 282,000 za kuingia na 535,800 kwa mwaka. Jumla ni kama dola 5,000, chumba na chakula bado. Wazazi huambiwa na mawakala kwamba mtoto atajilipia kwa vibarua. Waulize saa ngapi: sheria inadai kibali cha uhamiaji, na mwisho ni saa 28 kwa wiki, nje ya likizo ndefu. Anayezidisha anaweza kunyimwa viza mpya, masomo yakakatika katikati.

Masomo huko huanza Aprili. Maombi ya ubalozini hufunguliwa karibu mwaka mzima kabla.